Katuni Zilizolala, na Sehemu ya Tisa

Ipogolo, Iringa
Jumamosi, saa tisa alasiri

Atupele mwanangu,

Kamwene. Nimeona niandike kwa sababu kuzungumza kumetushinda. Hii ni wiki ya tatu unanijibu "ndiyo baba" na "sawa baba", na mimi, mtu niliyekula mshahara wa kuongea mbele ya watu maisha yangu yote, nimekosa neno la kututoa hapo. Umekwenda mjini kumalizia kununua vitu vyako vya chuo. Duka nimelifunga. Kuna dereva amegonga mlango mara mbili, nimemwacha agonge.

Habari za sweta, za baridi ya Uyole, za kumsaidia mama yako mdogo, utakayekaa kwake huko, kazi za nyumbani na za kutolala na njaa kwa uvivu wa kupika sitazigusa. Shangazi yako amekwisha kukuambia hayo yote, tena kwa sauti ambayo hata majirani wamenufaika. Basi la Mbeya linapita hapa kesho saa moja asubuhi, na kabla halijapita nina mambo mawili. La kwanza ni orodha ya katuni, ile uliyoikataa. La pili ni swali uliloniuliza siku ile dukani, kama nilikosea au nilijua, na lile ulilosema baada ya swali: kwamba mama yako alikufa bila kukuaga. Siwezi kukuacha upande basi na hilo kichwani. Lakini naanza na orodha. Ndiyo ninayoiweza, na bila hiyo la pili halielezeki.

Duka unalijua, ila hujui lilivyoanza. Nilistaafu kwa hiari nikiwa na miaka hamsini na tano, baada ya kufundisha Kiingereza na Jiografia miaka ishirini na sita. Mama yako alikuwa tayari na chumba hiki cha barabarani na kompyuta moja ya mezani, anawachomea watu CD za muvi. Yeye ndiye aliyekuwa na jicho. Mimi nilikuwa na mdomo tu. Akaniwekea maiki mbele yangu, akasema, "Baba Atu, umewatafsiria watoto wa watu miaka yote hiyo na hawakukusikiliza. Hawa madereva watakusikiliza."

Kazi ya kutafsiri muvi ni hivi. Unapunguza sauti ya asili, unasoma maandishi ya Kiingereza yanayopita chini, kisha unasema kwa Kiswahili, na watu wote ni wewe. Mzee ni wewe, binti ni wewe, mbwa akibweka ni wewe. Na kanuni ya kwanza, ambayo kila mtafsiri ataisema hata umwamshe usingizini, ni kwamba kimya hakiruhusiwi. Mteja akisikia kimya anadhani CD imekwaruzika, anairudisha. Kwa hiyo mahali ambapo picha inaonyesha mtu ametulia anatazama dirishani, mtafsiri anaingiza lake: "Hapa jamaa anawaza, kichwa kimemjaa, tulieni muone." Nililifanya hilo miaka mingi na nikasifiwa kwa hilo. Watu walisema Mwalimu hachoshi. Leo nikijisikiliza kwenye zile za zamani natamani kutoka nje.

Mzigo usiotoka, wafanyabiashara wanasema umelala. Mama yako alikuwa na rafu yake ya chini kabisa, ya katuni zilizolala. Ninyi mnaziita anime na mnanicheka nikisema katuni, lakini ni hizo hizo. Alizipata kwa yule bwana aliyekuwa akituletea mzigo kutoka Dar. Bwana yule alikuwa akimpa bure zile ambazo hakuna mtu anayezitaka, na mama yako alikuwa akizitazama zote, hadi mwisho, akiwa anashona vifungo. Kisha anamwambia mteja, "Chukua hii." Mteja anasema, "Mama Atu, kuna mapigano?" Anasema, "Hamna." Mteja anaiweka chini.

Hili ndilo linaloniudhi hadi leo, na nimekaa nalo kwenye kaunta hii miaka kumi na miwili tangu afariki. Kila kijana anayeingia na flashi yake anataka zile tatu au nne ambazo rafiki zake wote wanazo. Nikimwambia kuna nyingine, ananitazama kama nimemshauri anunue kamusi. Watu wamekaa Japani wakachora kila jani la mti kwa mkono, wakachora mvuke wa chai unavyopinda, halafu mtu anaweka picha ikimbie mara mbili ya mwendo wake ili awahi kufika mahali pa kurushiana ngumi. Nimeeleza. Nimeeleza kwa upole, kwa mifano, na hata kwa kuchora kwenye karatasi. Hakuna aliyeelewa, isipokuwa wewe, na wewe ndiye hutaki tena kunisikia.

Basi nisome, kama hutaki kunisikia.

Anza na ile niliyoiita *Fundi wa Miguu*. Jina la Kijapani ni refu, limo kwenye flashi. Kuna askari aliyerudi kutoka vitani, anakaa kwenye kibanda kando ya mto, anachonga miguu ya mbao kwa ajili ya waliopoteza yao. Sehemu kumi na mbili. Vita vyenyewe vimo katika sehemu ya pili tu, na vinaisha kabla chai haijapoa. Zinazobaki ni watu wanakuja kupimwa. Kassim, yule dereva wa malori ya Tunduma, unamkumbuka, aliichukua kwa sababu ya picha ya kava yenye upanga. Alirudi kutoka safari amenuna.

"Mwalimu, nimefika Chimala bado anapima mti! Nimefika Igawa narudi, bado anapiga msasa! Hii si muvi, hiki ni kipindi cha ufundi seremala."

Nikamwambia, "Kassim, hukuona yule mama aliyeletewa mguu akaukataa kwa sababu ulikuwa mzuri kuliko ule wa kwanza?"

Akasema, "Yule nilimwona." Halafu akasema, "Lakini nipe ya kupigana, Mwalimu, nisije nikalala nikaingia korongoni."

Nakuambia hili ujue kwamba hata asiyeipenda haikumpita bure. Mwaka jana alinikumbusha yule mama, mwenyewe, bila mimi kumwuliza.

Ya pili ni *Wapima Mvua*. Dada wawili wanaishi kwenye kijiji ambacho watu wamekihama, na kila asubuhi wanasoma kipimo cha mvua na kupeleka namba serikalini. Hakuna anayelima tena kule. Hakuna anayezihitaji hizo namba. Katikati ya mfululizo dada mdogo anaondoka kwenda mjini, na wachoraji wakafanya jambo ambalo sijaliona kwingine. Hawakumfuata mjini hata mara moja. Walibaki na aliyebaki. Mama yako aliipenda kwa sababu, alisema, muvi zote zinamfuata anayeondoka. Mimi niliiona ndefu. Niliitafsiri kwa haraka na nikajaza utani mwingi, na yule dada mkubwa nilimpa sauti ya bibi mlalamishi ili watu wacheke. Nisamehe, maana ndiyo uliyoizoea. Iangalie upya bila mimi. Utakuta hakulalamika popote. Ni mimi niliyekuwa nalalamika.

Ya tatu ni ya kucheka, utaihitaji ukikumbuka nyumbani: wapishi watatu wazee katika shule ya kisiwani iliyobakiwa na wanafunzi wanne. Niliiita *Jiko la Shule*. Wapishi wanagombana kuhusu chumvi kutoka mwanzo hadi mwisho, na katika ugomvi huo unajua maisha yao yote. Hiyo hata shangazi yako aliitazama, alipokuja kutoka Idodi na mahindi, akawa anamshangilia yule mpishi mnene. "Mwambie! Mwambie huyo, anajifanya yeye ndiye aliyezaliwa na mwiko!" Usiitazame ukiwa na njaa.

Namna ya kuzitazama, nilichokijua nimekijua kwa kuchelewa, nacho ni kidogo. Zipe sehemu tatu kabla ya kuzikataa, kwa sababu wanaotengeneza hizi ndogo hawana haraka ya kukupendeza. Tazama mikono ya watu kuliko midomo. Na pakifika kimya, kiache kipite. Usichukue simu. Nilidhani kimya ni mahali ambapo mwandishi alikosa la kusema, na nikamsaidia. Ndivyo nilivyoishi pia. Mama yako akinyamaza mezani, nilikuwa naanza kueleza kitu, chochote, bei ya mbolea, mipaka ya Afrika ilivyochorwa. Alikuwa ananisubiri nimalize ndipo aendelee kunyamaza.

Ya nne sasa.

Unaijua. Ni ile ya nyumba ya watengeneza miavuli ya karatasi, *Miavuli*, sehemu kumi na nne. Baba, mtoto wa kike wa miaka saba, na mama aliyelazwa hospitali ya mjini. Ulikuwa na miaka saba wewe pia. Umeitazama kwa sauti yangu labda mara ishirini. Wiki tatu zilizopita ukaitafuta mwenyewe kwenye simu, ukaitazama kwa maandishi, ukaja dukani ukasimama hapo kwenye kaunta bila kusalimia.

"Baba. Sehemu ya tisa."

"Ya katuni ipi?"

"Unaijua ipi."

Kulikuwa na mteja. Nilitumaini hutasema mbele yake, nikajifanya nahesabu flashi. Ukamsubiri aondoke. Halafu ukaniuliza, nilikosea au nilijua. Nami nikasema, kwa uso mkavu kabisa, "Kiingereza cha yale maandishi kina mafumbo, mama. Mtu anaweza kuteleza."

"Umefundisha Kiingereza miaka ishirini na sita, baba."

Nikasema maandishi yalikuwa yanapita haraka. Nikasema kompyuta ilikuwa ya zamani. Nikaanza kukueleza, Mungu anisamehe, tofauti ya sentensi za Kijapani na za Kiswahili, kana kwamba nakijua Kijapani. Ukanisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo liliniumiza zaidi kuliko kama ungenikatiza. Kisha ukasema, "Yule mtoto angalau aliagwa na mama yake. Mimi mama hakuniaga." Ukaongeza kwamba orodha yangu nikae nayo, ukitaka kutazama utatazama mwenyewe.

Sasa nakuambia ambalo sikukuambia siku ile, wala siku nyingine yoyote.

*Miavuli* si mimi niliyekuchagulia. Alikuchagulia mama yako. Alikuwa amekwisha rudishwa kutoka hospitali, madaktari wakiwa wamesema nyumbani ni bora, na sote wawili tulijua maana yake. Alikuwa analala chumba cha nyuma, mchana tunamsogeza huku dukani akae kwenye kile kiti chenye mto. Aliitoa kwenye rafu yake ya chini, tukaitazama mimi na yeye siku mbili, mchana, wewe ukiwa shuleni. Ilipoisha akasema, "Hii mtafsirie Atu. Kama ilivyo. Usiongeze la kwako."

Nikamwuliza kwa nini asikwambie mwenyewe.

"Nimejaribu mara tatu," akasema. "Kila nikianza ananikimbilia kuniletea maji. Anajua, Baba Atu. Anajua na anazuia. Sasa hii itamwambia kwanza. Tutakaa wote watatu. Ikifika ya tisa nitamshika mkono, na pale nitajua pa kuanzia."

Huo ndio ulikuwa mpango wake. Haukuwa mpango wa mtu aliyechanganyikiwa na dawa. Aliupanga kama alivyopanga mambo yote, hadi siku: Jumamosi, ili Jumapili usiende shule na uwe naye. Hata maneno alichagua. Alisema yule mama wa kwenye katuni, anapopiga simu nyumbani kutoka kwenye varanda ya hospitali, amesema yote ambayo yeye angetaka kusema, tena kwa ufupi, na kwamba hana nguvu ya kutunga mengine. "Wewe yafikishe tu," akaniambia. "Kazi yako si ndiyo hiyo?"

Nilirekodi sehemu nane bila shida. Ya tisa nilianza asubuhi, nikafika kwenye ile simu, nikasimamisha. Nikarudisha nyuma. Nikasimamisha tena. Mama yako alikuwa ng'ambo ya ukuta, nasikia anavyogeuka kitandani. Na mimi nikiwa na maiki mbele yangu, nikiwa na sauti ya kike niliyozoea kuigiza, nilitakiwa niseme kwa sauti hiyo maneno ambayo mke wangu alikuwa ananiomba nimwambie mtoto wangu. Sikuweza. Ningeweza kuacha tupu, ningeweza kumwita, ningeweza kumwambia Mama Atu nimeshindwa. Nikafanya kile nilichokizoea. Nikaingiza langu. Nikasema, "Nitarudi, mwanangu. Wakati wa kula mnisubiri."

Baada ya simu kuna dakika karibu nne ambazo hakuna mtu anayesema neno. Baba anakunja nguo. Mtoto anabandika karatasi kwenye mbavu za mwavuli. Nilizijaza zote. Nilimfanya baba asimulie safari watakayokwenda wote watatu mama akipona. Nilikuwa na ufasaha siku ile kuliko siku zote.

Jumamosi tukakaa. Wewe katikati, mama yako kwenye kiti chake, mkono wako ndani ya wake. Simu ikalia kwenye picha. Sauti yangu ikasema niliyoyasema. Wewe ukapiga makofi, ukamgeukia, "Mama, anarudi! Umesikia? Anarudi!"

Mama yako akanitazama mimi kwanza. Kisha akakutazama wewe.

"Ndiyo," akasema. "Nimesikia."

Angesema nini tena? Ulikuwa unacheka. Hukuwa umecheka namna ile tangu alipolazwa. Ulipotoka kwenda kucheza akaniambia neno moja: "Umeninyang'anya." Hakulisema kwa hasira. Angelisema kwa hasira ningejitetea. Nikamwahidi nitairekodi upya. Nikasema kesho. Kesho yake umeme ulikatika, keshokutwa wakaja wageni wa kumjulia hali, na siku zile zote nilikuwa na sababu nzuri, kila siku na yake. Siku ya tisa baada ya Jumamosi ile akafariki. Katika siku hizo tisa alijaribu tena kukwambia, mara moja, nikiwepo. Alisema, "Atu, njoo nikwambie kitu." Wewe ukasema kwa furaha, "Najua, mama, utarudi ukipona, kama yule." Sauti yake ilikuwa imekwisha isha. Akakupapasa kichwa.

Nikisema sikujua madhara yake ningekudanganya mara ya tatu. Niliyaona. Baada ya mazishi kule Idodi, tulipokaa kwa shangazi yako, ulikuwa unachukua sahani, unapakua ugali na mboga, unaiweka mbele ya picha ya mama yako pale kabatini, na hutaki kula mpaka upite muda. Katika sehemu ya kumi baba na mtoto wanaweka bakuli la wali mbele ya picha. Kwa Wajapani ni namna ya kumkumbuka aliyekufa. Mimi katika tafsiri yangu nilisema wanamsubiri mama wale wote. Shangazi yako alikukuta, akapiga kelele nyumba nzima.

"Nani kamfundisha mtoto mambo haya? Kumwekea marehemu chakula! Sisi ni watu wa kanisa! Atupele, nani kakufundisha?"

Ulinitazama. Ulikuwa na miaka saba na ulinitazama ukiniachia nafasi niseme. Nikasema, "Dada, ni mtoto tu, mwache." Shangazi yako akaitupa ile sahani kwa kuku, akakusema siku tatu, mchungaji akaitwa akakuombea. Na mimi niliyekufundisha nilikaa kwenye benchi la nje nikizungumza na wazee habari za mvua. Uliacha kuweka sahani. Hukuniuliza chochote tena kuhusu mama yako hadi wiki tatu zilizopita. Nikajiambia umesahau. Mtu mzima, mwalimu, nikajiambia mtoto amesahau.

Nimejiuliza sana ni nini hasa nilichokuwa nalinda. Kwa miaka mingi nilisema nilikuwa nakulinda wewe. Si kweli, au si kweli yote. Nilikuwa nalinda ile michana miwili mitatu iliyobaki, nyumba isilie nikiwa ndani yake. Nilitaka kila mtu acheke hadi mwisho ili mimi nisiwe na kazi ya kufanya. Ndicho nilichokuwa nawafanyia wateja, na walikuwa wananishukuru, na shukrani ikanipumbaza nikadhani ni upendo. Ukija kupewa jambo ulifikishe kwa mtu (na kwa kazi ya hospitali utakayosomea utapewa mengi, watakuja wagonjwa na majibu yao yatakuwa mkononi mwako), utajisikia kutaka kulipunguza makali kidogo. Sikuambii ufanyeje. Nakuambia tu kwamba lile kidogo nililolipunguza halikuwa langu.

Wiki hii nilikaa mbele ya maiki mara mbili, wewe ukiwa kwenye sherehe ya kuagwa kanisani na mara nyingine ukiwa kwa rafiki zako, nikataka kuirekodi sehemu ya tisa upya, ikiwa sahihi, nikupe kama zawadi. Nimeacha. Mara ya kwanza nilijisikia nikiigiza. Mara ya pili nililia, na hilo pia lilikuwa kuongeza la kwangu. Kwa hiyo kwenye flashi ya bluu iliyo juu ya begi lako zimo zote nne, za asili, kwa maandishi, bila sauti yangu hata mahali pamoja. Ukitaka, ichukue. Ukiiacha mezani sitakuuliza, na kituoni sitaitaja. Tutazungumza habari za basi.

Lakini jibu la swali lako halimo kwenye flashi, maana si jambo la kukuachia ulichague. Sikukosea, Atupele. Nilisoma maandishi yale nikayaelewa mara ya kwanza, na nikasema kinyume chake nikijua.

Na lile ulilosema kuhusu mama yako si kweli, na si kosa lako kuliamini. Alikuaga. Alichagua siku, akachagua maneno, akaketi akakushika mkono. Yalipita kwangu tu, ndipo yakapotea. Nayatafsiri sasa, kwa herufi zangu, kama yalivyo, bila kuongeza. Yalikuwa haya:

"Sitarudi nyumbani, mwanangu. Wakati wa kula usinisubiri. Kula, ukue."

Baba yako